Jinsi ya Kuandaa Orodha ya Makabaka wa Buganda na Kuipatia Miaka Inayoaminika

Orodha za Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, zimejaa mtandaoni na nyingi zimenakiliwa moja kutoka nyingine: majina 36, kuanzia Kintu hadi Ronald Muwenda Mutebi II, kila jina na miaka yake. Majina kwa sehemu kubwa yako sawa. Miaka ndiyo yenye kasoro. Chukua orodha inayozunguka zaidi uitazame kwa makini. Utakuta enzi zikianza au kuisha mwaka 1524, 1554, 1584, 1614, 1644, 1674, 1704 na 1734, yaani pengo la miaka 30 kila mara. Wafalme hawafi kwa ratiba. Miaka hiyo ni hesabu iliyopigwa baadaye na mtu mezani, kisha ikaenezwa kana kwamba iliandikwa siku ile Kabaka alipotawazwa.

Inawezekana kuijenga orodha hii upya kwa njia ambayo msomaji ataona kipi kimeandikwa na shahidi na kipi kimekadiriwa. Kanuni ya kushika ni moja: hesabu vizazi, usihesabu wafalme, na safu ya miaka ijazwe mwisho kabisa.

Daftari na safu zake

Chora jedwali kwenye karatasi pana au kwenye kompyuta. Safu zinazohitajika ni hizi: namba ya mfululizo, jina na tahajia zake nyingine, baba, mama na ukoo wake, kizazi, makao makuu, mahali pa kaburi, namna enzi ilivyokoma, tukio linalomgusa mgeni au ufalme jirani, mwaka, na daraja la uhakika.

Daraja la uhakika liwe herufi moja. A ni mwaka ulioandikwa na watu waliokuwepo. B ni mwaka unaoshikizwa na shahidi anayejulikana, mfano mfanyabiashara aliyefika na kumkuta Kabaka fulani kitini. C ni mwaka wa kukokotoa. Usimwandike mtu mwaka bila herufi hii. Ukiiacha, baada ya miezi michache wewe mwenyewe hutakumbuka ni upi uliouhesabu na ni upi uliousoma.

Safu ya mama na ukoo wake wengi huiruka, na ni hasara kubwa. Katika Buganda mtoto wa kawaida hufuata ukoo wa baba, lakini Kabaka huhesabiwa upande wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na sababu ya kutunza kumbukumbu ya mfalme "wake", na kumbukumbu hizo zinaweza kulinganishwa na za ikulu. Kwa Makabaka wa karibu safu hii hujazwa bila shida. Mama wa Muteesa I ni Muganzirwazza wa ukoo wa Njovu. Wa Mwanga II ni Abisagi Bagalayaze wa Ngonge. Wa Daudi Chwa ni Evalini Kulabako wa Ngabi. Wa Muteesa II ni Airini Drusilla Namaganda wa Nte. Wa Mutebi II ni Sarah Kisosonkole wa Nkima. Mtego uliopo ni cheo cha Namasole, mama wa Kabaka. Namasole akifa, mwanamke mwingine wa ukoo wake hushika nafasi. Jina unaloambiwa kuwa la Namasole laweza kuwa la mrithi wa cheo, si la mama mzazi. Uliza yote mawili.

Anza na walio karibu, urudi nyuma

Wengi huanza na Kintu kwa sababu orodha huanza naye. Usifanye hivyo. Anza na miaka ya daraja A.

Muteesa I aliingia mwaka 1856, baada ya kifo cha baba yake Suuna II, akafa Oktoba 1884. Mwanga II akarithi. Septemba 1888 akapinduliwa, akawekwa Kiweewa, ambaye alidumu wiki chache tu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo nafasi ikachukuliwa na Kalema. Oktoba 1889 Mwanga akarudi kitini, ingawa vita viliendelea hadi mwanzoni mwa 1890. Agosti 1897 Waingereza wakamwondoa baada ya uasi wake na kumtawaza mwanawe Daudi Chwa, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja. Mwanga alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ufalme jirani, akapelekwa Shelisheli, akafia huko 1903.

Hapa orodha nyingi hujikwaa. Mwanga II alitawala mara mbili. Ukihesabu enzi, unapata 37 hadi Mutebi II; ukihesabu watu, unapata 36. Hesabu rasmi ya ufalme ni ya watu, kwa hiyo mpe Mwanga namba moja (31), kisha Kiweewa 32 na Kalema 33, na kurudi kwake kuandikwe ndani ya mstari uleule wa 31. Wako wanaowafuta Kiweewa na Kalema kwa kuwa walitawala muda mfupi katikati ya vita vya dini. Ni kosa. Wote wawili walitawazwa, na ukiwafuta namba zote zinazofuata zinahama.

Daudi Chwa alikufa Novemba 1939. Katika utoto wake mamlaka yalishikwa na walezi watatu wa kiti: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Hao hawaingii kwenye orodha, lakini wataje kwenye maelezo, la sivyo msomaji atadhani mtoto mchanga ndiye aliyetia saini Mkataba wa Uganda wa 1900.

Muteesa II ana tatizo la mwaka wa mwisho. Jeshi la serikali lilishambulia ikulu ya Mengo Mei 1966 akakimbilia Uingereza. Falme zikafutwa kwa katiba ya 1967. Yeye akafa London Novemba 1969. Utaona waandishi wakiweka 1966, 1967 au 1969 bila maelezo. Weka 1969 kama mwisho wa maisha yake na 1966 kama mwisho wa kutawala, na ueleze kwa sentensi moja. Kufukuzwa kwake kati ya Novemba 1953 na Oktoba 1955 hakukatishi enzi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetawazwa. Baada ya enzi ya Muteesa II acha pengo wazi hadi tarehe 31 Julai 1993, Mutebi II alipotawazwa Naggalabi, Buddo. Usilijaze.

Tahajia na namba za majina

Mutesa na Muteesa ni mtu mmoja. Juko na Juuko, Semakokiro na Semakookiro, Junju na Jjunju, kadhalika. Kiganda cha leo huandika irabu na konsonanti ndefu kwa kurudia herufi. Maandishi ya karne ya 19 hayakufanya hivyo. Chagua tahajia ya sasa kwa safu kuu, zile za zamani ziandike pembeni ili mtu akitafuta azipate.

Namba za I na II ziliongezwa na waandishi wa baadaye. Mtawala wa karne ya 18 hakujulikana kama Mwanga wa Kwanza. Ukisikiliza simulizi inayosema "Suuna" au "Chwa" bila zaidi, usikimbilie kuweka namba. Tazama kwanza majina ya baba, mama na machifu yaliyotajwa ndani yake. Matendo ya Suuna II yanaweza kubandikwa kwa Suuna I kwa sababu hiyo tu.

Jenga vizazi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inastahili muda kuliko zote. Urithi wa Buganda haukuwa wa baba kwa mwana mkubwa. Kaka alimfuata kaka, mtoto wa kaka akamfuata ami yake, na mara nyingi kwa mkuki. Wafalme 11 wanaweza kuwa vizazi vinne tu. Anza na Nakibinge, wa 8 katika orodha, umwite kizazi cha 1, kisha upange hivi:

1. Nakibinge
2. Mulondo, Jemba na Suuna I, wana wa Nakibinge
3. Sekamaanya (mwana wa Mulondo) na Kimbugwe (mwana wa Suuna I)
4. Kateregga, mwana wa Sekamaanya
5. Mutebi I, Juuko na Kayemba, wana wa Kateregga
6. Tebandeke (mwana wa Mutebi I) na Ndawula (mwana wa Juuko)
7. Kagulu, Kikulwe na Mawanda, wana wa Ndawula
8. Mwanga I, Namuggala na Kyabaggu
9. Jjunju na Semakookiro, wana wa Kyabaggu
10. Kamaanya
11. Suuna II
12. Muteesa I
13. Mwanga II, Kiweewa na Kalema
14. Daudi Chwa II
15. Muteesa II
16. Mutebi II

Kizazi cha 8 kinahitaji uangalifu. Mwanga I, Namuggala na Kyabaggu walikuwa wana wa Musanje, na Musanje, mwana wa Ndawula, hakutawala. Asiyemjua Musanje huwafanya hao watatu kuwa wana wa Mawanda, mfalme aliyewatangulia, ilhali Mawanda alikuwa ami yao na wao ndio waliomuua. Hapa idadi ya vizazi haiharibiki, lakini nasaba inapinda. Kwingine idadi yenyewe huharibika: ukimfanya Ndawula mwana wa Tebandeke kwa sababu tu alimfuata, umeongeza kizazi kizima, karibu miaka 30 ya uongo. Kwa kila jina jiulize, "baba yake ni nani?" kabla ya kuuliza "alimfuata nani?"

Kokotoa miaka

Urefu wa kizazi upime kutoka kwa familia yenyewe, usiuazime kwingine. Mwanga II alizaliwa 1868, Daudi Chwa 1896, Muteesa II 1924, Mutebi II 1955. Kutoka 1868 hadi 1955 ni miaka 87, vizazi vitatu: wastani ni 29. Kwa kuwa kipimo hiki kinatokana na vizazi vichache, weka ukingo wa miaka mitatu kila upande: 26 kwa chini, 32 kwa juu.

Nanga yako ni 1856, mwanzo wa kizazi cha 12. Rudi nyuma. Mwanzo wa kizazi cha 8 uko vizazi vinne nyuma: 4 × 29 ni 116, unapata 1740, na ukingo ni kati ya 1728 na 1752. Kateregga yuko vizazi vinane nyuma: 1624, kati ya 1600 na 1648. Nakibinge yuko vizazi 11 nyuma: 1537, kati ya 1504 na 1570. Angalia ukingo unavyopanuka kadiri unavyorudi, kutoka miaka 24 hadi 66. Kupanuka huko ndiko ukweli wa hesabu hii. Ukiona orodha ambayo uhakika wake ni uleule kwa Nakibinge na kwa Muteesa, iweke kando.

Sasa linganisha na njia ya kuhesabu wafalme, ili uone kwa nini haifai. Muteesa I alitawala miaka 28, Daudi Chwa 42, Muteesa II 30 ukimhesabu hadi 1969. Wastani ni kama 33. Kutoka Nakibinge hadi Suuna II ni enzi 22. Mara 33 ni miaka 726. Nakibinge anaangukia mwaka 1130, karne nne mapema kuliko inavyowezekana kwa vizazi vyake. Sababu ni kwamba enzi za karne ya 20 zililindwa na utaratibu wa kikoloni na mrithi mmoja anayejulikana, wakati enzi kati ya Mutebi I na Kyabaggu zilikuwa fupi na za damu: wafalme 11 katika vizazi vinne, yaani kama miaka 10 au 11 kila mmoja.

Ndani ya kizazi kimoja usigawe miaka kwa usawa. Mwanga I alitawala muda mfupi sana kabla ya kuuawa. Kyabaggu alitawala muda mrefu. Andika mwanzo wa kizazi kwa kadirio, kisha majina kwa mfuatano, na uache miaka ya kila mmoja wazi. Jedwali lenye nafasi tupu litakusumbua macho, lakini ni afadhali hivyo.

Jihadhari pia na "miaka" ya simulizi. Waganda wa zamani walihesabu mwaka kwa msimu wa mvua, na Buganda ina misimu miwili. Ukisikia Kabaka alitawala miaka 40, huenda ni 20 ya kalenda yetu. Uliza ilikuwa misimu au miaka kabla ya kuandika.

Pima kwa mashahidi wa nje

Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda mwaka 1844 akamkuta Suuna II anatawala. Hiyo ni daraja B safi: Suuna alikuwa kitini kufikia 1844. Februari 1862 msafiri wa Kizungu Speke alifika kwa Muteesa I, na Aprili 1875 akafika mwingine, Stanley. Wote wawili waliandika majina ya wafalme waliotangulia, na orodha ya Stanley ni ndefu mara kadhaa kuliko ya Speke. Tofauti hiyo haimaanishi mmoja alidanganya. Inaonyesha kwamba jibu lilitegemea nani aliulizwa, na kama lengo lilikuwa kutaja wachache mashuhuri au wote. Orodha tunayoitumia leo iliimarika kwa kitabu alichokitoa Apolo Kaggwa mwaka 1901, akiwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Ni kazi kubwa, na bila yeye mengi yangepotea. Hata hivyo kitabu kilishasambaa na kusomwa shuleni, kwa hiyo mzee akikupa leo orodha inayofanana nacho kila herufi, usimhesabu kuwa shahidi wa pili.

Kupatwa kwa jua huvutia watu sana. Simulizi za Bunyoro na Nkore, falme jirani, zinakumbuka jua kutoweka Biharwe, karibu na Mbarara, wakati Olimi, mfalme wa Bunyoro, alipokuwa vitani, na wengi huliunganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Ukilitumia kumweka Nakibinge, kumbuka unapita hatua mbili: kwanza kwamba ni kupatwa kule na si kwingine, pili kwamba Olimi na Nakibinge waliishi wakati mmoja. Lipe C, si B. Kinachotia moyo ni kwamba 1520 iko ndani ya ukingo wa 1504 hadi 1570.

Kwenda kwenye masiro

Masiro ni makaburi ya kifalme, mengi yakiwa katika kaunti ya Busiro, wilayani Wakiso. Suuna II yuko Wamala, Kamaanya yuko Kasengejje, Semakookiro yuko Kisimbiri, Juuko yuko Bujuuko. Hadi Suuna II, taya la Kabaka lilitenganishwa na mwili, likapambwa kwa shanga na kauri na kuhifadhiwa katika nyumba yake. Ndiyo sababu mfalme mmoja anaweza kuwa na mahali pawili: pa mwili na pa taya. Andika yote mawili, usidhani mmoja wa wenyeji wako amekosea. Muteesa I alivunja desturi hiyo akazikwa mzima Kasubi, ambako baadaye walizikwa Mwanga II, Daudi Chwa na Muteesa II. Nyumba kuu ya Kasubi iliungua tarehe 16 Machi 2010.

Kabla ya kwenda, omba ruhusa kwa watunzaji. Vua viatu mlangoni. Mwanamke avae gauni refu au gomesi. Usipige picha ndani bila idhini. Kaa chini, sikiliza kwanza, maswali baadaye. Wanawake wanaokaa masiro hushika nafasi za wake na dada za Kabaka, na nafasi hizo hurithiwa ndani ya ukoo. Mama mtu mzima anaweza kukuambia "mume wangu alipigana na Wanyoro" akimaanisha Kabaka aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Hasemi uongo, anazungumza kwa kinywa cha nafasi aliyorithi. Muulize ni wangapi walioshika nafasi hiyo kabla yake na majina yao. Mlolongo huo wa majina ni kipimo kingine cha muda, na haukutoka kitabuni.

Waliotangulia Nakibinge

Juu ya Nakibinge wako saba: Kintu, Chwa I, Kimera, Ttembo, Kiggala, Kiyimba na Kayima. Nasaba yao ina watu ambao hawakutawala: Kalemeera kati ya Chwa na Kimera, Lumansi kati ya Kimera na Ttembo, Wampamba kati ya Kiggala na Kayima. Kwa mpangilio huo Kintu anakuwa vizazi 20 kabla ya Muteesa I, na hesabu inampeleka kati ya 1216 na 1336. Namba hiyo ipo, lakini usiiweke kwenye safu ya miaka. Kintu ni mwanzilishi ambaye simulizi humfanya baba wa watu na wa ufalme, na inasemekana alitoweka Magonga badala ya kufa. Kimera naye ana asili mbili. Waganda humtaja kama mjukuu wa Chwa aliyezaliwa Bunyoro. Wanyoro humtaja kama pacha wa Rukidi, mwanzilishi wa Wabiito, nasaba yao ya kifalme. Kila upande una sababu ya kisiasa ya kusimulia hivyo, na daftari haliwezi kuamua ugomvi huo. Kwa hawa saba jaza jina, baba, mama ukimpata, na mahali pa kaburi. Kwenye safu ya mwaka piga mstari, na chini ya jedwali ueleze kwamba miaka ya kukokotoa inaanzia kwa Nakibinge.